Babu Yako Ametia Saini Ardhi Isiyo Yake

Kwa kina Ipuana,
Njia ya Uribia, La Guajira.
14 Machi 2021

Mpendwa mjukuu wangu Remigio,

Hujambo? Kifua kimepona? Hiyo baridi ya Bogotá ivalie sweta, acha kujifanya mtu wa huko. Sisi wazima, mbuzi nao. Mguu unaniuma lakini unatembea. Anayeniandikia ni dada yako Yoleida. Matusi amekataa kuyaandika, basi yajaze mwenyewe.

Kampuni ya umeme wa upepo ilikuja nikiwa bwawani nanywesha mbuzi. Wakamkuta babu yako amelala kwenye bembea, wakamuuliza kama yeye, mwenye nyumba, anakubali minara yao. Akatia saini! Wakampa kofia.

Nikamwambia, "Mzee, wewe hapa umeoa. Makaburi ya kina mama zako yako kwenu Nazareth. Unagawaje ardhi ya wakwe?"

"Waliniuliza kwa heshima, mama Delia."

Nimemnyima kahawa siku mbili.

Kesho yake nikakuta vigingi vyekundu hatua kumi kutoka kaburi la mama yako. Remigio, Delia wetu hatujamzika mara ya pili. Mifupa yake hatujaitoa, hatujaisafisha, hatujaililia. Vigingi nimeving'oa vyote.

Injinia wao akaja mbio na wenzake. "Mama, mwenye nyumba alishakubali."

"Mwenye nyumba ndiye huyu anayekutukana."

Wakanong'onezana, kisha akasema watamtafuta mwanamume wa ukoo wetu. Nimesimama mbele yake, bado haniulizi mimi! Mwanamume huyo ni wewe, maana ukoo wetu hufuata mama. Watakuja huko na karatasi, watakulisha hotelini, watakuita mkubwa.

Usitie saini. Sisemi upepo ni wangu. Lakini anayetaka kujenga juu ya wafu wetu aje akae hapa, wanawake tuwepo, wachunga mbuzi wawepo, aseme kwa lugha yetu ya Kiwayuu mpaka tuelewe. Na tukikataa, ajue tumekataa. Waambie mkubwa ni bibi yako; kusoma hajui, ila mdomo anao.

Mwezi wa tano nitamtoa mama yako kwa mikono yangu. Njoo. Wakileta kigingi kingine kabla ya hapo, watanikuta nimeketi pale pale wanapotaka kukipigilia.

Msalimu mkeo Marlenis, na mwanao Keiner mbusu mashavu yote mawili. Babu yako anakusalimu, nimemsamehe nusu. Mungu akulinde, na wafu wetu wakutembelee ndotoni kwa wema.

Bibi yako akupendaye hata akikugombeza,

Ermelinda Ipuana

Hilo dole gumba hapo chini ni langu. Mwaka huu nimelitia kwenye barua hii tu.