Shujaa Aliyekufa Mara Kumi na Moja

Tarehe 4 Machi

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai goti limepoa na kikohozi kinakupa nafasi ya kusema. Mimi mzima, ila kazi inanikaba. Naandika kitabu cha gemu, yaani mchezo wa kwenye kompyuta: kuna shujaa, kuna joka, kuna mfalme mchawi. Watu wamependa kuucheza, sasa kampuni inataka wausome. Bosi amenirudishia muswada mara mbili. Anasema kuna kitu hakipo. Nikamuuliza kitu gani, akasema kujua ni kazi yangu. Ukirudi mara ya tatu, kazi anapewa mwingine.

Nakutumia sura zote. Mwombe fundi cherehani akusomee. Usinionee huruma.

Mjukuu wako

Tarehe 19 Machi

Mume wangu,

Marahaba. Goti halijapoa, limenizoea tu. Mwandiko ni wa fundi cherehani, maneno ni yangu. Nimemwambia asiyapige pasi.

Ulisema nisikuonee huruma, nami sikukuonea. Kitabu chako kinachosha kama kuchambua mchele wa wageni wasiokuja.

Fundi alinisomea kibandani kwake, na mshona vifungo wake anasikiliza. Ukurasa wa tisa shujaa akaliwa na joka. Mshona vifungo akavua miwani akalia. Nikasema moyoni, mjukuu wangu anaijua kazi. Fundi akafunua ukurasa: shujaa huyo hapo, kasimama mtoni mzima, hata shati halijachanika. Mshona vifungo akataka arudishiwe machozi yake. Ukurasa wa kumi na nne akafa tena. Tukamngoja. Akafufuka. Alipokufa mara ya tano tulikuwa tunaongea habari za zipu. Mara ya kumi na moja fundi alisoma huku anatafuna.

Sasa marehemu gani huyo? Mtu akifa mara kumi na moja, nani atabaki na kilio?

Na jingine. Huyu mtu anatoka asubuhi kwenda kupigana na joka, na hakuna wa kumuuliza kama amekula. Ametotolewa?

Nakupenda kuliko macho yangu mabovu. Vaa soksi.

Bibi yako

Tarehe 2 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Umenichana, lakini nimepona. Salamu kwa fundi na kwa mshona vifungo, nampa pole.

Nieleze kidogo. Kwenye gemu, shujaa akifa unaanza tena. Mimi niliucheza mpaka mwisho nikaandika kila kilichotokea, nisije nikaambiwa nimeongopa. Vile vifo vyote ni vyangu. Sichezi vizuri.

Na wazazi hawamo. Kwenye mchezo hawana kazi ya kufanya. Nimepewa mpaka mwisho wa Mei.

Mjukuu wako

Tarehe 14 Aprili

Mume wangu,

Marahaba. Kumbe aliyeliwa na joka mara kumi na moja ni wewe. Tumecheka mpaka fundi akajichoma sindano.

Sikiliza. Anayecheza ana kitu mkononi. Vidole vina kazi, akishindwa anarudia, raha yake iko hapo. Anayesomewa mikono yake mitupu. Mpe cha kushika.

Babu yako alipokuwa akienda machimboni kupasua mawe, sikujali jiwe lina ukubwa gani. Niliangalia mlango. Joka lako nimelisikia, lina meno arobaini, sawa. Mimi nataka kujua nani anaangalia mlango.

Basi nimekisimulia upya pale kibandani. Nimempa shujaa bibi. Bibi kamwambia: "Unao uhai mmoja, na nusu yake ni wangu. Ukiupoteza usije hapa." Fundi kasikiliza mpaka kashona mkono wa gauni kwenye pindo. Mwenye gauni kaja juu kama moto. Nikamwambia keti, tumefika mlangoni kwa joka. Akaketi.

Wakaniuliza mwisho. Nimewaambia mwisho unao wewe. Usiniaibishe.

Bibi yako

Tarehe 20 Mei

Mume wangu,

U mzima? Kimya chako kimenishinda. Kila siku kibandani wananiuliza, amerudi? Nawauliza nani, shujaa au mjukuu? Wanasema yeyote.

Kama umefukuzwa, njoo nyumbani. Godoro lako nimelianika.

Bibi yako

Tarehe 6 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Nilikuwa naandika upya kuanzia neno la kwanza, na niliogopa kukuandikia kabla sijajibiwa.

Sikufukuzwa. Bosi aliisoma sura ya sita akiwa amesimama mlangoni pa ofisi yake, ile sura ambamo bibi anaanika godoro la mtu asiyejulikana kama atarudi. Ndiyo, nimekuibia. Akatoka nje kumpigia mama yake simu, hakurudi mpaka saa nane. Aliporudi alisema neno moja: "Kichapwe."

Sasa bibi wamemtia hata kwenye gemu. Kakaa getini, na shujaa hapiti mpaka ajibu kama amekula. Wachezaji wa majaribio wanalalamika kwamba hakuna kitufe cha kumruka.

Mwisho wa hadithi siutumi. Nauleta Jumamosi niwasomee mwenyewe. Mshona vifungo aje na leso. Safari hii hakuna atakayemrudishia machozi.

Mjukuu wako

Tarehe 11 Juni

Mume wangu,

Marahaba. Hicho kitufe wasihangaike. Babu yako alikitafuta miaka arobaini.

Jumamosi njoo na njaa. Mlango naangalia.

Bibi yako