Mshono Uliopanda Mlima

Kwa Baba, Maneromango.

Shikamoo baba. Kifua kinaendeleaje? Mama aliniambia kikohozi kimepungua tangu mvua zianze, nikamshukuru Mungu. Mimi mzima, ila pua imebabuka kwa jua. Ndiyo, jua. Huku milimani Norwei baridi kali inaisha, lakini theluji bado inafika kiunoni, na jua linaiwakia mpaka macho yanauma.

Naandika kwa sababu simu yangu huishiki. Kila nikipiga, mama anasema umeenda shamba. Mwaka wa pili huu, baba, shamba gani hilo lisiloisha? Najua umenikasirikia. Siku naondoka ulisema nimeitupa cherehani uliyonifundishia, naenda kuosha vyombo vya wazungu. Kuosha nimeosha, sikatai. Lakini nisikilize kidogo.

Hapa hotelini wageni wanacheza na upepo. Wanavaa mbao ndefu za kutelezea miguuni, wanajifunga mkanda mpana kiunoni, na mkanda unashikana kwa kamba na tiara ya kitambaa, kubwa kuliko paa la jiko letu. Upepo ukiijaza, inawakokota juu ya theluji. Mwezi uliopita tiara moja ilichanika, mpasuko wa urefu wa mkono mzima, na fundi wao alishaacha kazi. Nikasema nitashona mimi. Nikashona mshono wako wa suruali za shule, ule wa kukunja kingo zote mbili ndani na kupitisha uzi mara mbili.

Mwenye hoteli, mama mmoja asiye na maneno mengi, aliukagua kisha akaniambia desturi yao: aliyeshona ndiye anayeijaribu kwanza. Kuteleza wamenifundisha, na tiara ndogo nilishaishika, lakini ile kubwa hapana. Ila kukataa kungekuwa kusema siuamini mshono wako.

Tulitoka asubuhi, theluji ikiwa bado ngumu, yeye akinifuata kwa nyuma. Tiara ikanyanyuka, ikajaa, ikanivuta. Sijui nikuelezeje. Weupe chini, weupe mbele, sikujua ardhi inaishia wapi. Nilikuwa napanda mlima bila kupiga hatua, kama mtoto aliyesinzia mgongoni kwa mama yake. Nikainua macho nikauona mshono wetu, mstari mwembamba huko juu, mwanga ukiuzunguka. Nikaanza kukuita, baba, baba, kwa sauti kabisa, na upepo ukaichukua. Sikutaka kushuka. Niliposhuka niliupapasa mshono wote kwa vidole. Hakuna uzi uliolegea.

Sasa mwenye hoteli anataka nitoke jikoni niwe fundi wa tiara, mkataba wa miaka mitatu. Nikamwambia lazima nimuulize baba yangu. Alinishangaa, mimi mtu mzima wa miaka thelathini na minne. Akasema, "Basi muulize."

Msalimie mama, mpole wa watu. Nisalimie dada Upendo na wanafunzi wake wa Tumbi, na kaka Elia, nasikia kiwandani Zegereni wamempa zamu ya mchana. Mwinjilisti aniombee.

Mkataba uko mezani, sijatia sahihi. Ukisema nirudi, nitarudi bila kununa. Ukisema nibaki, nitabaki. Lakini neno hilo sitaki niletewe na mama. Nataka kulisikia kwa sauti yako, baba, maana nimeanza kuisahau.

Binti yako,
Tumaini