Walipogawa Shamba Nikiwa Edani

Jumanne, 3 Oktoba

Nimeteka maji, nimeanika muhogo, nimenoa fyekeo. Jua kali mno. Mguu wa kushoto bado umevimba ila kesho naenda shambani hivyo hivyo. Tangu mume wangu Bakari afariki sijatia mguu kule. Masika yote nilikuwa edani, ndani ya kuta hizi hizi, wifi Tatu amekaa mlangoni ananilinda kama nitatoroka. Kiangazi hakuna cha kufanya kule, na mguu nao ukanigomea. Kwa hiyo shamba limelala msimu mmoja. Si neno. Tumelilima miaka mingi bila kulionea huruma, na lenyewe lilihitaji kupumzika. Nitafyeka taratibu mpaka mvua za vuli zinikute tayari.

Jumatano, 4 Oktoba

Siamini nilichokiona.

Bikoni ya zege, ile alama ya mpaka ya wapimaji, kwenye kona ya shamba langu. Pembeni kibao cha bati. ENEO LA MALISHO. Chini yake kwa herufi ndogo: kulima hapa ni kosa kwa mujibu wa sheria ndogo za kijiji. Na ng'ombe ndani, wametulia, wanatafuna. Mzee Lemburis, mfugaji wa ng'ambo ya mto, amekaa juu ya kichuguu na fimbo yake. Mtu mzima yule, kichwa kizima mvi, na mimi sikumwamkia. Nilianza kupiga kelele kabla sijamfikia. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Mama, mimi nimeonyeshwa na serikali," akasema. "Waulize wao."

Nimerudi nyumbani nikaifunika sufuria ya maharage bila kuwasha moto. Sina njaa. Nina hasira tu.

Alhamisi, 5 Oktoba

Ofisi ya kijiji. Mtendaji ni kijana mpya, ana adabu, kanipa kiti. Kasema mpango wa matumizi bora ya ardhi ulipitishwa na Mkutano Mkuu mwezi wa sita. Wataalamu walipita shamba kwa shamba na kila mwenye shamba alisimama kwenye mpaka wake aonekane. Kwangu hakusimama mtu. Nyasi zilikuwa kiunoni. Wakaandika: ardhi wazi.

"Ulikuwa wapi, mama?"

Nikamwambia nilikuwa edani. Akainamisha kichwa. Akasema sheria ndogo imeshapita wilayani, yeye hawezi kuing'oa bikoni. Halafu akauliza, kwani sikuwa na mtu wa kunisimamia? Maana shemeji yangu Selemani alikuwepo siku zote mbili, siku ya kupima na siku ya mkutano.

Selemani. Mdogo wake Bakari, wa tumbo moja.

Ijumaa, 6 Oktoba

Amekuja baada ya sala, kanzu imepigwa pasi. Kakaa mkekani, kakohoa, kazungumzia bei ya ufuta. Nikamkatisha. Nikamuuliza kwa nini hakusimama kwenye shamba la kaka yake.

"Shemeji, ulikuwa edani. Mambo ya mipaka ningekuletea vipi mjane? Halafu nilijua hulimi tena. Mwanamke peke yako, kule mbali."

Alijua! Nani alimwambia? Hakuniuliza. Na lake alisimama. Tena nasikia alilipalilia upya siku moja kabla, lipendeze machoni pa wapimaji. Lake limebaki shamba na langu limekuwa la ng'ombe, na baina yao kuna mtaro tu. Nilimwambia atoke. Hakuamini kama nimesema mimi. Nikarudia.

Jumatatu, 9 Oktoba

Baraza la ardhi la kijiji. Nimepewa pole na maji ya kunywa. Wakasema tupatane. Nipatane na nani? Na bikoni? Wakanishauri nikubali kipande cha kule mlimani. Kule ni mawe. Hata mbuzi wanateleza. Mjumbe mmoja akasema nimshukuru Mungu nina afya. Nimeondoka bila kuaga.

Alhamisi, 12 Oktoba

Kilosa mjini, ofisi ya ardhi ya wilaya. Vumbi la bodaboda limeniingia mpaka kwenye meno. Nimekaa kwenye benchi tangu wanafungua hadi watu wa chai walipokuwa wanakusanya vikombe. Nikaitwa na mama mmoja mpimaji, mnene, mpole. Huyu kanisikiliza.

Kasema sheria ya ardhi ya vijiji haisemi hivyo walivyofanya. Shamba halihesabiki limetelekezwa kwa msimu mmoja. Inataka miaka. Kulaza shamba nako ni kulitumia, imeandikwa. Na mwanamke ana haki sawa na mwanamume, nayo imeandikwa. Nilitaka kumbusu. Lakini akaongeza: mpango umeshapitishwa na kijiji, kwa hiyo ni kijiji kinachoweza kuurekebisha, kwenye Mkutano Mkuu, wilaya ithibitishe baadaye. Niombe iwekwe kwenye ajenda.

Akanisindikiza mlangoni. "Lakini mama na wewe, siku ya kupima ulikuwa wapi?"

Jamani. Hata huyu.

Ijumaa, 20 Oktoba

Nimekwenda kwa shehe kuomba dua tu, moyo umejaa. Nikamhadithia. Akashangaa. Akasema mwenye eda anaruhusiwa kutoka mchana kwa haja yake ya lazima, bora arudi kulala nyumbani kwake. Shamba ni haja. Mkutano wa ardhi ni haja.

Nikamuuliza mara mbili.

Hakuna aliyeniambia! Siku ile ya mvua ya kwanza nilimwambia Tatu niende japo nikapande mistari michache, akaruka: "Wifi, watu watasemaje?" Kumbe ni watu, si dini. Nilikaa nikisikiliza mvua inaanguka juu ya shamba langu, naona ninamtii Mungu, kumbe namtii Tatu. Na Selemani anaswali safu ya mbele kila siku, hajui hilo? Anajua. Walinifungia ndani kwa jina la heshima na nje wakaacha shamba langu ligawiwe wengine. Leo ninawachukia wote wawili. Naandika hivyo na sitafuta.

Jumapili, 29 Oktoba

Mwenyekiti wa kijiji ananizungusha. Ajenda imejaa, ngoja, ngoja. Mawingu nayo yanajikusanya.

Nimechoka kungoja. Nimechukua fyekeo nikaenda. Nimefyeka upande wa mtoni mpaka viganja vimechubuka, na ilikuwa raha, kila nyasi niliipa jina la mtu. Saa ya adhuhuri wakaja mgambo wawili. Watoto wa hapa hapa, mmoja nilimnyonyesha mimi, mama yake alipoumwa. Shikamoo mama, marahaba, halafu wakaninyang'anya fyekeo. Nimevunja sheria ndogo. Safari hii onyo, safari ijayo faini na mahakama.

Mzee Lemburis alikuwa anaona yote. Walipoondoka akaja, akasimama mbali kidogo. Nikamwamkia. Akaitika, marahaba, kama vile ile siku nyingine haikuwepo.

"Mimi sikuomba shamba lako," akasema. "Niliomba njia ya maji. Upande wa Mikumi ni hifadhi, tukisogea tunakamatwa. Huku ni mashamba, tukipita tunapigwa. Nikasema nipeni njia tu. Wakanipa hapa."

Kweli ng'ombe hawana pa kushukia mtoni ila hapa kwangu. Kingo nyingine zote ni magenge yaliyosimama wima. Sikupenda kulielewa hilo, lakini nimelielewa. Hata hivyo hasira haijapungua, imehama tu.

Jumanne, 7 Novemba

Mtendaji ameweka ajenda. Nadhani kwa sababu nimekaa kwenye benchi la ofisi yake kila asubuhi na kusuka mkeka wangu pale pale, ukili umetapakaa hadi mlangoni. Wageni wanauliza huyu mama ni nani. Kachoka kujibu.

Tatu kaja na mchuzi wa samaki. Nimepokea bakuli na sikumkaribisha ndani.

Jumamosi, 18 Novemba

Mkutano Mkuu, uwanja wa shule. Wamejaa.

Wamenizungusha mpaka mwisho kabisa, baada ya choo cha shule na mbwa wasiochanjwa. Nikasimama. Nilipanga kusema kwa utaratibu. Mwenyekiti hakuningoja, akauliza kwa sauti ya kuchekesha watu: "Mama, sisi tulipima mchana kweupe. Ulikuwa wapi?" Wakacheka kweli.

Nikamjibu: "Nilikuwa ndani namlilia mume wangu. Na wewe unajua, maana ulikuja kula pilau ya arobaini yake, ukaomba na ya kubeba."

Kicheko kikakatika. Wanawake wa nyuma wakaanza upya, safari hii wanamcheka yeye. Mwenyekiti kafuta jasho. Akasema haya, nani shahidi kwamba shamba lile lililimwa mwaka jana na si pori?

Majirani wa shamba langu wote walikuwepo. Niliwatazama mmoja mmoja. Watu tuliochangia mbegu, tuliofukuza nguruwe pamoja usiku. Wanatazama kandambili zao. Wanaogopa: ukifunguliwa mpaka wangu, na yao itafunguliwa. Wengine waliongeza hatua mbili tatu siku ya kupima, nami najua ni akina nani. Selemani alikuwa mstari wa mbele. Alikuwa anachokonoa meno.

Aliyesimama ni Mzee Lemburis.

Akasema yeye ndiye atakayekosa malisho akisema, lakini atasema. "Kila mwaka wakishavuna nilikwenda kwa Bakari kumwomba mabua, ng'ombe wangu wale. Mwaka jana pia nilikwenda. Huyu mama akanipa uji. Porini hakuna mabua."

Akakaa. Hiyo tu. Kila mtu pale anajua namna ya kuomba mabua: huingizi ng'ombe wako kwenye shamba lililovunwa mpaka uende kwa mwenyewe, ukae, uombe, upewe. Hakuna aliyeweza kubisha. Nilitaka kulia na nikajizuia, wasije wakasema mjane analilia huruma.

Nikasema nitaacha njia ya maji upande wa chini, pana, ng'ombe wapite bila kukanyaga mazao. Njia, si shamba. Mikono ikanyooshwa. Mingi. Hata ya wale wa kandambili, sasa ilipokuwa salama.

Nikadhani tumemaliza. Selemani akasimama. Akasema vizuri, basi liandikwe kwa jina lake, yeye ndiye mkubwa wa familia sasa, "ili shemeji asisumbuke na ofisi". Asisumbuke! Sikumbuki vizuri nilichosema. Najua nilipiga kelele. Najua nilisema shamba lile tulilifyeka wawili, mimi na Bakari, na kwamba yeye wakati huo alikuwa Kidodi anapanda malori ya miwa na hajui hata kisiki kimoja. Tatu, dada yake mwenyewe, alikuwa kati ya wanawake wa nyuma. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Andika jina lake! Jina la mwanamke!" Wengine wakadakia. Mtendaji akaniangalia, akaniuliza majina matatu, akaandika.

Sijui la kufanya na Tatu. Hasira yangu naye ilikuwa imekaa vizuri.

Jumatatu, 20 Novemba

Mtendaji kasema muhtasari umekwenda wilayani. Mpaka uthibitishwe, bikoni inabaki, kibao kinabaki, na kulima ni kosa vile vile. Lini utathibitishwa? Hajui. Labda baada ya mwaka mpya. Labda kikao kijacho cha madiwani.

Kwa hiyo shamba ni langu na nikililima nashtakiwa. Nimecheka mpaka mtendaji akaogopa. Kuniondoa ilitosha nisiwepo siku moja. Kunirudisha inatakiwa kikao juu ya kikao. Kasema nivumilie. Nimemwambia avumilie yeye.

Jumatatu, 4 Desemba

Mvua. Usiku kucha, na asubuhi udongo umekaa sawasawa, mweusi, unashikika.

Nimepanda.

Sikumwambia mtu. Nimeanza upande wa juu na kamba yangu, shimo, mbegu, shimo. Njia ya maji nimeiacha na nimeipigia vigingi vya mti. Tatu kanikuta katikati ya mstari wa nne. Kafunga khanga kiunoni, kashika mbegu, kafuata nyuma yangu anafukia. Mgambo wamepita barabarani na baiskeli, wakasimama, wakashauriana, wakaenda zao. Wakirudi na kesi waje nayo. Nimechoka kuogopa kibao cha bati.

Alhamisi, 28 Desemba

Asubuhi ya ukungu. Mahindi yamefika magotini. Nimejenga kibanda kidogo cha nyasi pembeni na sasa chakula cha mchana napikia huku huku. Wilaya bado kimya. Ng'ombe wa Mzee Lemburis walishuka kunywa maji mapema, wakapanda, hawakugusa jani.

Mtendaji alikuja na pikipiki peke yake. Akazima injini karibu na kibao. Akatazama shamba kwa muda mrefu, akatazama kibao, akatoa kitambaa akajifuta uso. Nilikuwa nimeinama kati ya mistari, hakuniona. Nikainuka nikasimama wima, nikajishika kiuno, nikamtazama. Akanyanyua mkono. Na mimi nikanyanyua wangu.

Hakuuliza nilikuwa wapi. Akawasha pikipiki akaondoka, nami nikainama tena kupalilia.