Ukuta wa Memsabu Umelala Tena

Nakuru, 3 Aprili 1957

Kwako Baba,

Nakusalimu sana, wewe na Mama, na Cheptoo mke wangu mnayenitunzia huko Molo. Mimi ni mzima, ila mgongo. Baridi yenu imepungua?

Baba, nina shida. Memsabu wangu ana ukuta mfupi, wa kufika magotini, kati ya bustani na njia ya gari inayoteremka hadi getini. Mvua iliuangusha. Akauliza fundi wa mawe ni nani, nikasema mimi! Ameahidi kuwa ukuta ukisimama mpaka mwezi wa sita, atanipa nyumba ya vyumba viwili, Cheptoo aje tukae pamoja. Nimeujenga, ukaanguka. Nimeujenga tena, na jana umelala juu ya maua yake. Amesema ukianguka mara nyingine nirudi kwetu nikachimbe viazi. Nisaidie.

Mwanao, Kiplangat

Molo, 9 Aprili

Kiplangat mwanangu,

Sisi wazima, ng'ombe wazima, baridi ni ile ile.

Wewe fundi tangu lini? Nilipokuwa nikijenga kuta, wewe ulikuwa kwenye mpira. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Lakini mama yako amekataa kunipa chai mpaka nikujibu. Haya, uzi wa kupangia mawe uliufunga vipi?

Baba yako

Nakuru, 14 Aprili

Baba,

Salamu nyingi. Mgongo umepoa kidogo, na Mama mwambie asante.

Uzi niliufunga vizuri kabisa, ukateremka sawasawa na njia ya gari, juu mpaka chini. Mawe yakainama yote pamoja. Yalipendeza mpaka Memsabu akapiga picha! Kosa liko wapi? Jibu upesi, mawingu yamejaa.

Mwanao, Kiplangat

Molo, 20 Aprili

Mwanangu,

Leo hata hali sikuulizi. Ala! Umeyapanga mawe yateremke, nayo yameteremka. Unayalaumu kwa nini?

Uzi hulala sawa kama maji kwenye karai, hata ardhi iteremke vipi. Anzia chini getini, chimba msingi kwa vidato kama ngazi. Mawe ya juu kabisa ndiyo uyachonge yafuate mteremko. Acha matundu ya maji.

Barua hii ninampa Cheptoo ailete kwa treni. Tangu uende huko yeye ndiye hunishikia uzi, na mkono wake umenyooka. Usibishane naye.

Baba yako

Nakuru, 2 Juni

Kwako Baba,

Natumaini nyote hamjambo. Nimechelewa kuandika kwa sababu ya haya tu.

Cheptoo alifika, akatazama ukuta wangu, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akafunga uzi wake, akanituma maji. Siku ya tatu Memsabu akatukuta, Cheptoo anachonga jiwe, mimi nimebeba karai la simiti. Akauliza, "Fundi hapa ni nani?" Nilifungua mdomo niseme mimi. Cheptoo akanitazama. Nikasema, "Ni yeye."

Mvua imepiga mwezi mzima na ukuta haujatikisika. Nyumba tumepewa, lakini imeandikwa jina la Cheptoo, na jirani ameshamwita akamjengee ukuta wa kwake. Mimi nitachanganya simiti.

Nimefurahi, Baba, kweli nimefurahi. Ila watu wa Molo wakiuliza, waambie tumejenga wote wawili.

Mwanao, mume wa fundi,
Kiplangat