Kivuli Kisicho na Wingu

Nyumba za Wafanyakazi,
Langoni mwa Hifadhi.
Jumamosi, 14 Agosti.

Mpendwa Mjomba,

Leo nitakueleza yote, hata lile linaloniaibisha kwa kuwa linamhusu Mama, dada yako.

Kwanza, hujambo? Mgongo unaendeleaje, na vumbi la kambi ya barabara bado linakukohoza? Sisi tu wazima wa mwili. Bibi anakula vizuri na kugomba vizuri zaidi. Kila siku anauliza nani anafagia nyumba yako uliyoiacha imefungwa. Mdogo wangu ameng'oka meno ya mbele na hataki kucheka mbele ya wageni. Simu yako haipatikani kabisa, ndiyo maana barua hii nampa dereva wa lori la saruji.

Huku kuna mafunzo. Wasimamizi wa wanyamapori, Mama akiwa mmoja wao, wanafundishwa kuchora ramani kwa kompyuta na kusoma picha za setilaiti, ili waone moto, maji na miti iliyokatwa bila kuzunguka hifadhi nzima kwa gari. Wanasomea shuleni kwetu, kwa sababu ndiko kwenye kompyuta. Mimi ndiye ninayetunza funguo za chumba hicho, kwa hiyo nafungua asubuhi, nakaa nyuma, nafunga jioni. Nilifurahi mno, Mjomba. Nilidhani nitaona watu wazima wakisoma.

Nimeona maganda ya machungwa juu ya kibodi. Nimeona mtu mwenye mvi akichokonoa meno, kisha akakipangusa kijiti chake kwenye kiti cha jirani. Kila jioni nafuta mafuta ya nyama kwenye skrini huku nimebana pumzi. Kabla ya chakula wanasinzia, baada ya chakula wanakoroma.

Mwalimu wa ramani ni dada mmoja kijana, mpole kupita kiasi. Jumatano aliwafungulia picha ya hifadhi, akasema kila mmoja atafute eneo lake la doria. Unadhani walitafuta doria? Kila mtu alitafuta nyumba yake!

"Bati langu hilo! Oneni linavyong'aa!"

"Na lile lenye viraka ni la nani?"

"La fundi magari! Anaziba ya watu, lake linavuja!"

Hata mimi nilicheka. Kisha mmoja akasema, "Hebu tumtafute mkuu wetu." Mkuu wa hifadhi tunamwita Mzee Kikombe, maana hakiachi kikombe chake cha chai hata anapohutubia. Nyumba yake ikapatikana. Nyuma yake, ndani ya hifadhi, kwenye msitu wa bondeni ambako tembo huwaficha watoto wao wakati wa kiangazi, palikuwa na doa kubwa jeusi. Njia ya gari ilitoka kwenye doa hilo mpaka uani kwake.

Kicheko kilikatika kama redio iliyozimwa. Hakuna asiyejua magunia ya mkaa yanapopakiwa.

"Hiki ni nini?" mwalimu akauliza.

Mzee Kikombe, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele, akapuliza chai. "Kivuli cha wingu."

"Wingu kabisa, mkuu."

"Tena la mvua!"

Asubuhi hiyohiyo walikuwa wamefundishwa kwamba kivuli na wingu lake huonekana kwenye picha moja. "Sasa wingu lenyewe liko wapi?" mwalimu akauliza.

"Limeshapita, binti." Wakacheka tena, wote.

Mwalimu akamgeukia Mama. "Mama, doria ya bondeni unaiongoza wewe. Unasemaje?"

Mama akaangalia mikono yake. "Ni kivuli."

Mjomba, roho ilinichafuka kuliko kwa yale maganda yote. Najua nyumba tunayokaa ni ya kazi, na Mzee Kikombe akinuna tunahama. Lakini ni Mama huyuhuyu aliyeninunia wiki nzima kwa uongo wa sukari iliyolambwa. Nyumbani nilimuuliza ameona nini kwenye ile picha. Akasema, "Kula, chakula kinapoa."

Ijumaa ijayo kila mmoja atakabidhi ramani yake, na kwa ramani hizo zitapangwa doria za kiangazi. Palipochorwa kivuli hatatumwa mtu. Jana, nikifunga chumba, nilizitazama zote. Wenzake Mama wameshalipaka lile doa kijivu, rangi ya kivuli. Mama amemaliza mito, amemaliza njia za tembo, lakini pale bondeni ameacha peupe. Hajapaka kijivu. Hajapaka nyekundu pia, ambayo ni ya miti iliyokatwa. Nilisimama na kitambaa changu mkononi mpaka skrini ikajizima yenyewe.

Sidhani kama Mama haoni, Mjomba. Nadhani anahesabu vichwa vyetu.

Bibi anakusalimu, anasema usioge maji baridi. Mdogo wangu anakusalimu bila kufungua mdomo. Nisalimie mpishi wenu na wenzako wote wa kambini. Mungu akuepushe na mitambo hiyo mikubwa, akurudishe kwetu mzima.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye,
Mshika Funguo.

N.B. Dereva anarudi huku Jumatano, na nimemwomba asiondoke bila jibu lako, maana nataka kumwambia Mama kabla ya Ijumaa. Mjomba, akipaka nyekundu, utatupatia ufunguo wa nyumba yako?