Matikiti Mawili Uliyoyaacha

Baba Rahma, mwenzangu uliyenitangulia,

Amani iwe juu yako huko uliko. Mimi bado niko ndani. Eda yangu inamalizika keshokutwa, na nimeshaujua ukuta wa chumba hiki kila doa lilipo. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo limenitoka kifuani juzi, na wa kuambiwa kwanza ni wewe. Ila barua hii naiacha wazi, kila mtu aisome, na mbele utajua kwa nini.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiwasema watu pale kibarazani kwetu Kikwajuni? Mwalimu mkuu mstaafu, kofia ya viua imenyooka, kanzu haina kunyanzi. Kijana akipita ameinamia simu, utamwita mpaka aje asimame mbele yako. "Unafanya nini humo? Unacheza? Umri huo mimi nnasomesha darasa zima!" Na shuleni ulikuwa na droo imejaa simu za wanafunzi ulizowanyang'anya. Mzazi akija kuomba ya mwanawe, anapewa hotuba kwanza, simu baadaye. Mtaa mzima ulijua kuwa Mwalimu hataki upuuzi wa simu.

Sasa mwanamme huyo huyo, mwaka wake wa mwisho duniani, akaanza kujificha na simu.

Ulianzia uani. Kisha ukahamia chooni, unakaa humo mpaka nagonga mlango nikidhani umeanguka. Nikiingia chumbani, simu unaigeuza kifudifudi. Wakati wa chai unatabasamu peke yako, nikikuuliza unasema umekumbuka kitu cha zamani. Siku moja nilipita nje ya mlango wa choo na kapu la nguo, nikakusikia unasema kwa sauti ya chini, ile uliyokuwa ukinisemeshea mimi tulipokuwa vijana: "Njoo, mama. Taratibu. Usinikimbie, njoo hapa kwa mwenzio." Kapu lilinidondoka.

Ungekuwa mimi ungefikiri nini? Kwetu hapa jambo hili mwanamke hangoji kuambiwa. Tumewaona wangapi? Mume kafa, watu wako kwenye kisomo, mara wanaingia wazee na mwanamke amejitanda: jamani, huyu naye ni mjane wa marehemu, aliolewa kimya kimya. Anakalishwa mkeka mmoja na wewe, mnakaa eda pamoja. Unamjua mke mwenzio siku ambayo huna tena mume wa kumgombeza. Hilo ndilo nililoliogopa. Kuoa mmeruhusiwa, sikubishani na Mungu. Nilichoogopa ni kuambiwa mbele za watu, na wewe umelala huna jibu.

Nilikuuliza mara moja. Ilikuwa Ramadhani, baada ya futari, tunakula tikiti. Ulilibeba mwenyewe begani kutoka sokoni Darajani, kama kawaida yako, baada ya kuyagonga kwa kidole matikiti yote ya yule muuzaji, hili bado, hili maji matupu, mpaka akakuomba uondoke. Ukalikata mwenyewe, na ule moyo wa katikati, usio na kokwa, ukaniwekea mimi. Sijawahi kukuona unaula wewe. Nikauweka mkono chini, nikasema, "Baba Rahma, nambie kweli. Una mke mwengine?"

Ulicheka mpaka kofia ikaanguka. "Mmoja mwenyewe simwezi, nkatafute wa pili?" Ukanisukumia sahani. Nilikula, lakini nilijiambia kuwa mwanamme anayecheka hivyo hajajibu alichoulizwa.

Kisha ukafa. Ulirudi kutoka kusali alasiri umeshika kifua, tukakukimbiza hospitali, nikarejeshewa kanzu yako na simu iliyokuwa mfukoni. Simu nikaizima, nikaifungia kabatini chini ya kanga zangu, na sikuruhusu mtu aiguse.

Siku ya hitima akaja mwanamke kutoka Makunduchi. Hapakuwa na aliyemjua, na alilia kumshinda Rahma, mwanao wa kumzaa. Wewe na Makunduchi yako! Ulisomesha huko ujanani, na mpaka mwisho ulikuwa huachi kwenda, ukisema unaangalia minazi yako. Nikasema moyoni, ndiye huyu, na wala si mbaya. Nikamwita karibu yangu.

"Bi dada, wewe kwa marehemu ni nani?"

"Mwanafunzi wake, Bi. Baba alitaka kunitoa skuli, Mwalimu kaja mwenyewe nyumbani kumsihi. Leo na mimi nnasomesha." Akajifuta macho kwa mtandio.

Waliokuwepo wakasema mashaallah. Mimi nikamtazama mikono. Haikuwa na hina hata chembe, na mwanamke wa eda hatii hina. Sikumwamini.

Nikuambie kilichoniuma kuliko vyote. Nilikuwa nakulilia nusu. Kilio kikinijia, kuna sauti inaniambia ngoja kwanza, huenda huyu unayemlilia si wako peke yako, usije ukajiaibisha. Nikawa najizuia. Wenzangu wakanisifu, wakasema Mama Rahma ana subira. Haikuwa subira, Baba Rahma, ilikuwa hasira imekaa mlangoni inazuia huzuni isipite. Nilikuwa nakukosa na siwezi kukukosa vizuri.

Juzi Rahma kaja kutoka Kendwa kwenye hoteli anakofanya kazi. Simu yake imeingia maji ya bahari. "Mama, nipe ile ya baba ntumie." Nikasema hapana. Akauliza kwa nini, nikamtuma jikoni akaniletee maji. Nikafikiri: eda inakwisha, nitatoka nje ya mlango huu, je, nitoke na dhana yangu mkononi, nizunguke nayo mjini mpaka nife? Nikaitoa kabatini.

"Ifungue hapa hapa, mbele yangu. Usinifiche kitu."

Alinishangaa, lakini akaichaji, akachora ile alama ya kufungulia ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyekuwekea. Mimi nimeshika tasbihi na wala siisomi.

Yakatokea matunda.

Nilidhani ni tangazo la biashara. Zabibu, machungwa, mananasi yenye macho na midomo inayocheka, yamerundikana ndani ya sanduku. Rahma akaziba mdomo kwa kiganja. "Yarabi! Kumbe baba alikuwa bado anacheza?"

"Anacheza nini?"

"Mchezo huu, mama. Nimemtilia mimi, Idi ile nlokuja. Kaniapisha nsimwambie mtu. Kasema watu wakijua Mwalimu anacheza mchezo wa watoto, hatokaa tena kibarazani."

Akanifundisha. Unaangusha tunda, mawili ya namna moja yakigusana yanakuwa moja kubwa zaidi, zabibu zinakuwa chungwa, machungwa yanakuwa nanasi, mpaka ufike kwenye tikiti maji. Sanduku likijaa mpaka juu, umeshindwa. Na tunda unaliteremsha kwa kidole, kisha unaliomba lisibingirike likaenda usikotaka. Hapo nikaelewa ulikuwa unamwita nani kule chooni. Mwanamke niliyemwonea wivu mwaka mzima alikuwa nanasi!

Nilicheka, Baba Rahma. Mjane wa eda, ushungi mweupe nimeujaza mdomoni, nacheka mpaka jirani akaja kupiga hodi kuuliza kuna nini. Rahma akanielewa nilikuwa nikiogopa nini. Hakunisuta. Alikaa karibu yangu akanisomea ujumbe wote uliokuwemo bila mimi kumwomba: wangu wa kukuagiza vitunguu, wake, wa watu wa msikitini, na wa yule mwalimu wa Makunduchi, anakushukuru kwa vitabu ulivyompelekea darasani kwake. Kumbe na minazi ilikuwa na vitabu ndani yake. Hapakuwa na mwengine yeyote.

Basi kicheko kikageuka. Nikakulilia. Nilikulilia wewe mzima, kwa sauti, bila kujizuia, na kila nikilia kifua kinazidi kuwa chepesi. Rahma alitaka kuninyamazisha, nikamwambia niache, nina deni la kilio.

Mchezo uliuacha katikati. Matikiti mawili, moja upande huu, moja upande ule, na kati yao imekwama zabibu moja. Sanduku lilikuwa karibu kujaa. Rahma akasema matikiti mawili yakigusana yanatoweka na nafasi yote inafunguka, na hilo ndilo ulilokuwa ukilitafuta siku zote hukulipata. "Jaribu, mama." Niliogopa kuiharibu kazi ya kidole chako. Lakini tunda lililokuwa juu likingoja kuangushwa lilikuwa zabibu.

"Njoo, mama," nikaiambia. "Taratibu."

Zabibu ikaangukia zabibu, zikawa chungwa. Chungwa likabingirika likakutana na jenziwe, yakawa nanasi, likapanda juu ya rundo, na matikiti yako yakateremka polepole mpaka yakagusana. Kisha hayakuwepo. Nilishusha pumzi ambayo nadhani niliivuta tangu siku ile ya kapu la nguo.

Simu nimemnyima Rahma, atafute nyengine. Barua nimeiacha wazi ili majirani waliokuwa wakininong'onea dirishani habari za mke wa pili wasome, na wanafunzi wako wenye simu zilizolala drooni nao wasome, wajue Mwalimu wao alikuwa akifanya nini chooni. Radhi nimekupa. Siri yako sikufichii, hiyo ndiyo adhabu yako.

Nikitoka, nakwenda Darajani kununua tikiti. Nitayagonga yote kama wewe mpaka muuzaji achoke. Yule mwanafunzi wako wa Makunduchi nimemwalika aje tule pamoja, naye kakubali kwa furaha, hajui nilivyomkagua mikono. Nitamkatia vipande vizuri. Ila moyo wa katikati simpi.

Lala salama, mwalimu wangu.

Mama Rahma,
mkeo wa pekee