Uso Uliokaliwa

Yaya, dada yangu mpendwa,

Niwie radhi. Tangu tulipokuzika sijakuandikia hata mstari mmoja, mimi niliyewafundisha watoto wa mji wetu wa Kindu kwamba kunyamaza bila sababu ni utovu wa adabu. Sababu nilikuwa nayo: aibu. Leo furaha imeishinda.

Unakumbuka siku Kiongozi alipokuja. Ulinibeba mabegani hapo stesheni ili nimwone. Alisimama juu ya toroli ya mizigo, akatusihi sote, Wakristo na Waislamu, tusikubali nchi ikatwe vipande. Baada ya kuuawa kwake vikaja vitenge vyenye uso wake, nawe ukanunua kimoja. Ulikivaa sikukuu tu, uso ukiwa mgongoni, kwa maana ndivyo tulivyolelewa: uso wa mkubwa haupitishwi mkasi, wala haukaliwi.

Kisha vita. Wenye bunduki walioushika mji walisaka kila chenye sura yake, na aliyekutwa nacho hakurudi nyumbani. Tuliposikia msako umeanza Alunguli, ng'ambo ya mto, nilitaka kukizika kitenge chako uani. Wewe ukachukua mkasi, ukaukata uso vipande vinne, ukavishonea ndani ya mito ya viti vya sebuleni. Nilikukaripia: yeye alikataa nchi ikatwe, nawe unamkata yeye mwenyewe, tena umkalie? Hukuinua kichwa kutoka kwenye cherehani.

"Nguo inashonwaka tena," ukasema. "Kichwa yako, hapana."

Kesho yake wakaja. Walipekua masanduku, wakapapasa ukuta nyuma ya kalenda. Mkubwa wao aliketi juu ya jicho la kushoto la Kiongozi, akinywa chai yako na kuniuliza kwa ukali uso ule uko wapi. Nilikuwa natokwa na jasho. Wewe ulimwongezea sukari.

"Kaa muzuri, Papa," ukamwambia, ukimwita baba kwa heshima. "Kiti iko yako."

Hakuna mtu aliyelelewa huku kwetu Maniema, hata yeye mwenye bunduki, ambaye angewaza kuutafuta uso ule chini ya makalio yake. Ndiyo maana niko hai. Nami, badala ya kukushukuru, nilikataa kukalia viti vile, nikahamia mkekani, na mwezi mzima nikala chakula chako bila kukusemesha. Ulikufa kabla sijakuomba radhi.

Sasa sikiliza. Mjukuu wako Sifa ni katibu wa kamati inayotengeneza chumba cha kumbukumbu ya Kiongozi hapa mtaani kwetu Mikelenge, naye ameniomba kitambaa chako. Juma lililopita niliifumua mito yote minne. Rangi haijapauka, Yaya! Niliunganisha vipande kwa mkono wangu, na mshono umekwenda upande kama njia ya mbuzi. Lakini robo ya mwisho ilipokaa mahali pake, Kiongozi alinitazama kama alivyonitazama nikiwa mabegani mwako. Nilipiga kelele hadi majirani wakaja mbio.

Lakini wajumbe wawili wa kamati wamepinga. Wanasema uso uliokaliwa na uliokatwa hautundikwi mbele za watu, heri kinunuliwe kitenge kipya. Mmoja alikuwa mwanafunzi wangu. "Mwalimu, weye mwenyewe ndiyo ulitufundisha heshima," akaniambia, na ni kweli.

Hata hivyo, jibu nimelipata. Jumamosi kamati itakata shauri, nami nimeomba kusema kwanza. Nitasimama mbele ya wanafunzi wangu na kukiri kwamba nilikosea. Kwamba kitenge kipya hakijui kilichotupata, na kwamba Kiongozi alibaki kwetu kwa sababu mwanamke mmoja alithubutu kumkata. Wakikataa, wewe naye mtafungiwa sandukuni pamoja, na watoto hawatajua. Wakikubali, Sifa ataandika jina lako chini yake.

Wakishaamua tu, siku hiyo hiyo nitakuandikia, hata kama jibu ni baya. Barua hii naiandika nikiwa nimeketi juu ya kimoja cha viti vyako vinne, kwa mara ya kwanza tangu ulipoushonea uso ule humo.

Mdogo wako,
uliyembeba stesheni